Gazeti Nililolikata Kingo

Nianze na aibu yenyewe, ili asiwepo wa kuniotea mwishoni. Kuna gazeti la mishono, la zamani, la Kifaransa, nililolinunua kwa simu kutoka Goma huku nikijua kwamba rafiki yangu analitaka. Lilikuwa limetoka nyumbani kwa marehemu mama yake. Kwenye kingo za kurasa, mama huyo alikuwa ameandika kwa kalamu ya bic vipimo vya watoto wake, mwaka baada ya mwaka. Habari ya mama sikuijua siku niliyolinunua. Kwamba rafiki yangu analitaka kwa roho yake yote, hilo nililijua vizuri sana, na ndiyo sababu nililinunua.

Mimi ni fundi cherehani, Masisi-centre, kibanda cha mbao chenye bati, mashine ya mguu. Nimezaliwa Lushebere, kwenye mlima ambao watu wetu wameulima tangu zamani, na najisifu kwa mambo mawili tu: kola na macho. Kola zangu hazipindi. Na macho yangu hayadanganywi na picha ya gazeti kuukuu.

Huku kwetu magazeti ya mishono hayaji mapya. Kuna mzee mmoja Goma, papa tunavyomwita, anayenunua karatasi kuukuu kwa magunia, awauzie akina mama wanaofungia karanga na mandazi. Ni mjanja, kabla ya kuuza gunia analipekua, anatoa magazeti ya mishono, anayapiga picha na kuyaweka kwenye kikundi chetu cha mafundi cha WhatsApp. Anayeandika "yangu" wa kwanza na kutuma pesa kwa simu, ndiye mwenye mali. Gazeti linapanda na motari, dereva wa pikipiki, siku barabara ikikubali. Kurudisha hakuna. Kwa hiyo hali ya gazeti lazima uijue kwa picha, kabla, na hapo ndipo watu wananihitaji.

Kitu cha kwanza ninachotazama ni kidole gumba cha papa. Akishika gazeti kwa kona, ujue kona hiyo ina jambo. Namwambia aondoe kidole, apige tena. Halafu namwomba video, alifungue ukurasa kwa ukurasa karibu na dirisha, maana taa ya ndani inaficha madoa ya maji. Natazama pini za katikati. Zikiwa mpya na karatasi ina doa la kutu, mtu amezibadilisha, na hakuna anayebadilisha pini bila sababu. Katikati ndipo inapokaa karatasi kubwa ya patroni, ile yenye mistari ya kila saizi, iliyokunjwa mara nyingi. Gazeti lisilo na karatasi hiyo ni picha tu za Wazungu waliovaa vizuri. Na kama fundi aliyetangulia aliikata kwa mkasi badala ya kuinakili, mtu wa namna hiyo sitaki hata kumjua.

Kasoro kubwa kuliko zote ni ya ukuta. Nyumba zetu za mbao zina nyufa, na baridi ya Masisi haina adabu, kwa hiyo watu hubandika kurasa za magazeti ukutani kwa uji wa muhogo. Nyumba ikibomolewa, kuna wenye subira wanaozibandua, wanazikausha na kuzipanga upya ziwe gazeti. Kwenye picha huwezi kujua. Lakini ukurasa uliokaa ukutani hukakamaa. Kwenye video ukifunguliwa haulali, unasimama kidogo kama sikio la mbuzi. Nimewaokoa mafundi wengi kwa sikio hilo, na walinishukuru, na nilipenda sana kushukuriwa.

Sasa yeye.

Alikuja Lushebere na mama yake, kwa miguu, wakitoka Burungu vita ilipowakuta. Tulikuwa na miaka kumi na mmoja sote wawili. Kwao walikuwa na shamba na ng'ombe watatu, mama yake alikuwa fundi mwenye mashine. Kwetu walifika na sufuria na blanketi, wakakaa kambi ya wakimbizi. Mama yake hakumaliza miaka miwili kambini, akafariki. Mama yangu mzazi akasema mtoto huyo atakuwa anakula kwetu. Akala kwetu. Tulipelekwa pamoja kujifunza kushona kwa masista wa paruasi, parokia yetu, na kwa kuwa mashine hazikutosha, tulipewa moja watu wawili.

Nilimwonea wivu kuanzia juma la kwanza, na sitalitafutia jambo hili jina la heshima. Mimi nilipima mara tatu, nikachora kwa chaki, nikafuta, nikachora tena. Yeye alitazama mtu, akatazama kitambaa, akakata. Sista alisema ana mkono. Mimi nikaambiwa nina bidii. Mwenye kuambiwa ana bidii anajua vizuri anaambiwa nini.

Nilimshonea mama yangu nguo nne katika maisha yangu. Pasaka moja akaenda Misa na nguo ya tano, ambayo hakuishona mwanawe. Nilipomuuliza, hakuona hata haja ya kunificha. Aliniambia: "Ya kwako iko muzuri, lakini ya huyu inanifwata mwili." Nilikaa kwenye benchi nyuma yake Misa nzima, nikiutazama mgongo ule uliofuatwa vizuri na nguo, na hata sikumbuki padri alihubiri nini.

Akaolewa na mwalimu wa Walikale, akahamia huko, msituni, barabara ambayo motari wenyewe wanaitukana. Kwenye harusi nilicheza kuliko ndugu zake. Watu walisema, mwone rafiki wa kweli. Mimi nilikuwa nausherehekea umbali.

Umbali haukunisaidia. Simu ikaleta picha zake: mabega yaliyokaa, viuno vilivyokaa, mikunjo iliyoanguka yenyewe kama maji. Wanawake wa hapa Masisi, wanaopita mbele ya kibanda changu kila siku na kunisalimia kwa jina la kwanza, wakaanza kupeleka vikwembe vyao, vitenge vya kushona, Walikale na motari. Mmoja alikuja kwangu nimpime, akaniomba nimwandikie vipimo kwenye karatasi, na karatasi ikaenda kwake. Nilimwandikia. Nilitamani kukosea namba moja, nikashindwa, kwa sababu kazi ni kazi.

Ila Walikale kulikuwa na shida moja iliyonipa nafasi. Rezo yao, mtandao wa simu, ni ya kuvizia. Yeye hupanda nyuma ya kanisa lao, mahali pamoja tu, na hapo sauti hupita, na picha akituma huchukua usiku mzima, lakini za wengine hazifunguki, zinabaki ukungu. Papa wa Goma akiweka magazeti, yeye aliona rangi tu. Kwa hiyo akaniomba niwe macho yake. Anataja gazeti, mimi nalichunguza, namwambia lina nini na limekosa nini, anaamua. Miaka miwili nilifanya hivyo, na kwa haki, karibu siku zote. Nasema karibu, kwa sababu gazeti likiwa zuri kupita kiasi nilikuwa nachelewa kumjibu, nasingizia umeme, mpaka fundi mwingine aandike "yangu".

Mwaka huo akina mama wa paruasi walikuwa wanajiandaa kwa sikukuu yao, na walitaka nguo za aina moja, wote. Komande, oda ya namna hiyo, fundi wa hapa haipati mara mbili. Nikasikia kwamba wengine wananitaja mimi na wengine wanamtaja yeye, aliyeko siku tatu za njia. Nilipoteza hamu ya kula.

Ndipo papa wa Goma akatandaza magazeti tisa sakafuni, akapiga picha moja. Sikuwa hata nimemaliza kuikuza, sauti yake ikaingia kutoka Walikale.

"Dada, ile ya robe ya bleu na mukaba ya jaune, pale kwa kona. Uniangalilie. Chini kama iko na alama ya pasi, pameungua. Na pembeni ya ma pages, kama iko maandiko ya bic. Unijibu mbio."

Nikamwomba papa video. Gazeti la robe ya bleu, gauni la buluu, lilikuwa na kila kasoro ambayo fundi anaweza kuomba aepushwe nayo. Ncha ya pasi ilikuwa imelamba kona ya chini, kahawia iliyopenya hadi kurasa za mwisho. Pembeni, namba za bic, safu mbili, ukurasa baada ya ukurasa. Karatasi ya patroni ilikuwepo, haijakatwa. Lakini kwa mizani yangu, gazeti hilo lilistahili karanga.

Nikamjibu kwa furaha, nikaongeza chumvi: "Imeungua mubaya. Iko ma numero fasi yote. Usipoteze feza yako pale."

Jibu lake lilikuja na pumzi ya mtu aliyekimbia. "Njo hiyo. Umwambie aniwekee, dada. Niko natafuta feza."

Nikaketi. Tangu nianze kazi hii sijawahi kusikia mtu anauliza kasoro kisha anafurahi zipo. Mwenye akili nzuri angemuuliza kwa nini. Swali moja, sauti ya sekunde tano. Mimi nikaona jambo moja tu: anajua kitu nisichokijua. Namba zile ni siri ya mkato fulani. Robe ile ya bleu ndiyo atakayowaonyesha akina mama, na komande itakwenda msituni, na mimi nitabaki kupima watu na kumwandikia yeye vipimo. Nikaandika "yangu". Nikatuma pesa. Kisha nikamwambia yeye kwamba fundi mmoja wa Bukavu ametuwahi.

Jibu lilichukua siku mbili. Nilizihesabu. Halafu akatuma: "Aksanti dada, ulijikaza." Sauti ilikuwa imepungua, na mimi nikala vizuri jioni hiyo.

Gazeti lilifika limefungwa kwenye kipande cha gunia la mchele, lina matope ya Sake juu na harufu ya moshi ndani. Nilifunga mlango wa kibanda kama mwenye kuhesabu vitu vya wizi. Nikasoma namba. Fundi haoni namba tu. Akiona bega, kifua, kiuno na urefu wa nguo, anaona mwili. Safu ya kwanza ilikuwa ndefu. Kila mstari ulianza na neno Bonane, yaani ilikuwa ni kupima kwa ajili ya nguo ya mwaka mpya, ile ambayo huku kila mzazi anajinyima ili mtoto aipate. Nilimwona msichana anarefuka. Mwaka mmoja alinenepa, mwaka uliofuata akapungua. Safu ya pili ilikuwa fupi, mistari mitatu, chini kabisa, na moto wa pasi ulikuwa umeila kidogo. Hiyo niliipita. Haikuwa na kitu cha kunifundisha.

Kwa hiyo nilijua. Nilijua ni watoto wa mtu, na kwamba kuna mama aliyeinama na kamba ya kupimia, mwaka baada ya mwaka, akaandika. Nikajiambia kwamba kila karatasi kuukuu ina mama yake, na kama ningelia kwa kila mmoja nisingeshona. Nikaendelea kutafuta siri ya mkato. Nikanakili robe ya bleu, nikaikata, nikaishona. Ilikuwa robe ya kawaida yenye kola safi. Siri haikuwepo. Nilikasirika kana kwamba yeye ndiye aliyenidanganya.

Hata hivyo akina mama waliipenda kola. Wakanipa komande. Na waliponipa, wakaniambia kwa moyo mweupe kwamba wamemwalika pia yule rafiki yangu wa Walikale aje sikukuu, maana wanajua tulivyolelewa pamoja.

Hapo ndipo nilipofanya lile jambo. Aliniuliza kwa mdomo wake kuhusu alama ya pasi na maandiko ya bic. Akilikuta kwangu atalitambua. Kulitupa sikuweza, patroni bado nilikuwa naihitaji. Nikachukua rula ya chuma na wembe mpya. Kurasa kumi kumi, nikazipunguza pande tatu, upana wa kidole kimoja na zaidi, mpaka alama ya pasi ikaisha. Namba zilizokuwa zimeingia ndani ya ukurasa nilizifuta kwa pamba yenye maji ya kufulia nguo nyeupe na ndimu, taratibu, bila kutoboa karatasi. Nikabadilisha pini. Nikaliweka chini ya meza ya pasi siku nzima likanyooka. Sijawahi kurudisha gazeti katika hali nzuri kama ile. Vipande vya pembeni vilijaa beseni. Nikaviwashia mbabula, jiko la makaa, nikapika maharage.

Alifika siku nne kabla ya sikukuu, amekonda kwa njia, pikipiki na miguu, na dumu la mafuta ya ngazi, mawese, alilomletea mama yangu. Mama yangu alimkumbatia muda mrefu kuliko alivyowahi kunikumbatia mimi. Niliona, nikahesabu na hilo. Kisha akaja kibandani.

Nguo za akina mama zilikuwa zimetundikwa ukuta mzima. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kola, akaishika kwa vidole viwili, akaigeuza.

"Robe hii naijua," alisema.

Nilimwambia nimeipata kwenye gazeti lingine, namna ileile, ila langu ni safi, halina hata doa. Akaomba kuliona. Na hapa lazima niseme ukweli unaonichekesha vibaya: nililitoa kwa maringo. Nilitaka aone hali yake. Nilitaka mtu mwenye kujua aone kazi ya macho yangu na wembe wangu.

Alilishika mgongo, akalipima uzito kwa kiganja. Akafungua katikati, akakunjua karatasi ya patroni, na badala ya kuitazama akapitisha ncha za vidole nyuma yake, kama mtu anayepapasa mwiba. Kisha akaiinua mlangoni kwenye mwanga. Kando ya mistari ya saizi moja, mwili mzima wa robe, kulikuwa na vitobo vidogo sana vya sindano, vimepangana kimoja baada ya kingine. Mafundi wengi hunakili kwa gurudumu la meno. Mama yake, alinieleza baadaye, hakuwa na gurudumu. Alinakili kwa sindano ya mkono, kitobo kwa kitobo, na mtoto wake alikaa chini ya meza akitazama mwanga unapita. Mimi, kontrole, mkaguzi wa kikundi kizima, nilikuwa nimeikagua karatasi hiyo mara ishirini kwa macho, na sikuwahi kuipapasa mgongoni.

"Pembeni iko wapi?" aliuliza.

Ningeweza kusema lilikuja hivyo. Uongo ulikuwa tayari, umepigwa pasi. Lakini nilitazama uso wake, nikasema nilikata.

"Ulikata. Na bipande?"

"Nilichoma."

Aliketi kwenye kiti cha wateja, gazeti magotini. Hakunitukana. Ningependa sana angenitukana, tungekuwa sawasawa. Alianza kunieleza polepole, akianzia nyumba yao ya Burungu, meza iliyokuwa ya kulia chakula na ya kukatia nguo, pasi ya makaa iliyoangushwa na yeye mwenyewe akicheza, na kofi alilopata kwa ajili ya kona ile. Kila Bonane mama yake aliwasimamisha ukutani, akawapima, akaandika pembeni mwa gazeti kwa sababu daftari zilikuwa za shule.

Niliuliza aliwapima akina nani, maana nilimjua akiwa peke yake na mama yake.

Ndipo akaniambia habari ya mdogo wake wa kike. Miaka thelathini karibu, tumekula sahani moja, tumetumia mashine moja, sikuwahi kujua kwamba kulikuwa na mdogo. Alikuwa na miaka minne. Alipatwa na homa njiani, wakamzika kabla ya kufika kwetu, na tangu hapo mama yake hakulitaja jina hilo tena, na yeye akaona ni marufuku. Picha hakuna. Hawakuwahi kupigwa picha.

"Nilimubeba mu mugongo siku mbili," alisema, "lakini sikumbuki alikuwa mukubwa namna gani. Njo kitu ninatafutaka. Nilijua ma numero iko mu ile gazeti. Nilisema nikiona tu ma numero, nitamuona."

Nilisimama na kamba ya kupimia shingoni kama mpumbavu. Nilikuwa nimelia mara ngapi maishani kwa sababu nguo zake zinakaa kuliko zangu, na yeye muda wote huo alikuwa anatafuta saizi ya mtu mmoja tu.

Kisha akanitazama kwa namna ambayo iliniumiza zaidi, kwa tumaini. Akasema, "Wewe ukisomaka numero mara moja inabakiaka mu kichwa. Tangu kwa masista. Haukuzisoma mbele ya kukata?"

Nilikuwa nimezisoma. Nikafumba macho, na safu ile ndefu ikaja yote, mwaka kwa mwaka, bega, kifua, kiuno, urefu, mpaka mwaka ule alionenepa na ule aliopungua. Aliandika kwenye kiganja, kisha akachukua karatasi mezani. Kila mstari alitikisa kichwa kwamba ndivyo. Mwaka wa kupungua akasema ndiyo, mwaka huo alikuwa na minyoo. Akacheka kidogo.

"Na ya mudogo?"

Mistari mitatu, chini, karibu na moto wa pasi. Nilitafuta. Hakukuwa na kitu. Niliiona safu yenyewe, niliiona ilivyokaa, nikaona rangi ya bic, lakini namba hazikuwepo kwa sababu sikuzisoma. Nilikuwa na haraka ya kutafuta siri ya kumshinda.

Alikuwa anangoja, kalamu juu ya karatasi.

Nimeshona nguo za Bonane za watoto kwa zaidi ya miaka ishirini. Mtoto wa kike wa miaka minne, wa mlima wetu, asiyeshiba sana, namjua hata kizani. Mdomo wangu ukafunguka.

"Mustari wa mwisho: bega makumi mbili na tano," nilisema. "Kifua makumi tano na ine. Kiuno makumi tano na moja. Urefu ya nguo makumi tano na mbili."

Akaandika. Akaomba kamba yangu. Akasimama, akaishika kwa mkono mmoja hewani, akaiacha ianguke, mkono wa pili akaubana kwenye hamsini na mbili, akatazama nafasi ile kati ya mkono na mkono. Halafu akaanza kulia, akasema ndiye, ndiye kabisa, alikuwa hivyo. Akanikumbatia mimi. Akaniomba nisijilaumu kwa kingo, kwamba Mungu aliziweka kichwani mwangu kabla hazijaungua.

Nilimshika na mimi. Na kwa kuwa nimeahidi kusema, nitasema kilichokuwemo ndani yangu wakati huo. Kulikuwa na hofu, na haya, na juu ya vyote wivu. Kwetu hatukukimbia siku hizo, hatukuzika mtoto njiani, mama yangu yu hai mpaka leo na anatembea. Lakini hakuna mahali popote duniani palipoandikwa bega langu nikiwa na miaka minne, na hakuna mtu ambaye angetembea siku tatu kulitafuta. Hilo ndilo nililoliwaza, huku amelaza kichwa shingoni pangu.

Sikukuu ilipita vizuri. Akina mama walimeremeta, kola zilikaa, wengi walimsifu yeye wakidhani amenisaidia. Aliondoka na gazeti. Nilimpa, lilikuwa ni lake. Alisema lina hali nzuri kuliko alivyolikumbuka.

Mwezi wa kumi na mbili aliweka picha kwenye simu, moja tu. Nguo ya mtoto, kitenge cha rangi ya chungwa chenye ndege wadogo, imetundikwa kwenye ukuta wa mbao. Ilizunguka Masisi nzima. Wanawake walikuja kibandani kwangu kunionyesha, kana kwamba mimi sina simu. Waliniuliza ni ya mtoto gani, nikasema sijui. Niliikuza kipande kwa kipande kama ninavyokuza magazeti, nikitafuta kosa: mshono wa kwapa, pindo, shingo. Ni nguo nzuri kuliko zote alizowahi kushona, na vipimo vyake ni vyangu mimi, vimetoka kichwani mwangu, havijawahi kuwa vya mtoto yeyote. Nilitaka sifa yangu. Kweli, kwa dakika nzima nilitaka watu waambiwe.

Kisha sauti yake ikaingia, na upepo wa nyuma ya kanisa lao.

"Dada, naitundika mu chumba, nailalia pembeni. Lakini bega naona kama kidogo. Ulisema makumi mbili na tano, njo vile? Uko na hakika?"

Niliisikiliza mara tatu. Kisha nikabonyeza, nikaleta simu karibu na mdomo, nikamwambia nina hakika, asiiguse, ndivyo alivyokuwa.